Itakubali Tu

Ninaandika haya nikiwa na uchungu wa milimita tatu. Msomaji anayeishi Dar es Salaam anaweza kucheka, kwa maana katika jiji hili milimita tatu si kitu cha kumnyima mtu usingizi. Hapa mwenyeji akikuelekeza kwamba kituo kipo hapo mbele tu, utatembea hadi soli ya kiatu iombe radhi, na rafiki akikuhakikishia kwa simu kwamba ameshafika Ubungo, jua kwamba bado anatafuta soksi. Mimi pia niliishi hivyo kwa amani mpaka siku niliyoamua kubadilisha briji ya gitaa langu la besi, ninalolipiga katika kwaya ya kanisani kwetu Tabata.

Briji ni lile bamba la chuma lililo mkiani mwa gitaa, linaloshikilia nyuzi na kubeba vigari vinne vidogo, kila uzi na chake, ambavyo husogezwa mbele na nyuma kwa skrubu hadi sauti ikae sawa. Yangu ilikuwa imeliwa na kutu, kwa ushirikiano wa upepo wa bahari na jasho la viganja vyangu, hata kigari cha uzi wa E kikaganda mahali pake kama foleni ya Jumatatu asubuhi. Mwalimu wa kwaya, ambaye husikia kosa kabla hujalifanya, akatangaza mbele ya sauti zote nne kwamba besi imeanza kuimba wimbo wake yenyewe.

Nikaenda Kariakoo nikiwa na karatasi ya vipimo: matundu matano ya skrubu, umbali kutoka tundu hadi tundu, na nafasi ya milimita 19 kati ya uzi na uzi. Muuzaji aliipokea karatasi kwa heshima, akaitumia kujipepea, kisha akasema, "Bosi wangu, hizi zote ni saizi moja. Chukua, itakubali tu." Nikachukua. Usiku huo, baada ya kutandika kanga ya mke wangu mezani (bila idhini, na kesi hiyo bado inaendelea), niliona kwamba tundu la katikati limekubali kweli, lakini mengine manne yamekataa, yale ya pembeni kabisa kwa milimita tatu nzima.

Ieleweke kwamba chombo hiki hakikutengenezwa kwa makadirio. Leo Fender alipolitoa gitaa lake la besi kule California mwaka 1951 aliliita Precision, yaani usahihi, kwa kuwa freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopigiliwa kukatiza shingo, zilimwezesha mpigaji kuipata noti bila kubahatisha. Uzi wake una urefu wa milimita 864 kutoka kichwani hadi kwenye kigari, na freti ya 12 hukaa nusu ya safari hiyo. Hata yeye hakuanza bila dosari, maana briji yake ya kwanza ilikuwa na vigari viwili tu, kila kimoja kikipakia nyuzi mbili mshikaki kama bodaboda, na vinne vikaja mwaka 1957. Langu ni nakala ya nakala ya gitaa hilo, lakini ule ubishi juu ya vipimo limeurithi wote.

Nikalipeleka Keko kwa seremala anayesifika kwa vitanda. Nilimwomba tuyazibe matundu ya zamani kwa vijiti vya kuchokolea meno na gundi ya mbao, tusubiri ikauke, kisha tutoboe upya baada ya kupima kutoka shingoni. "Mzee, ondoa wasiwasi," alinijibu, penseli ikiwa sikioni, ambako ilibaki mpaka kazi ilipokwisha. Alifumba jicho moja, akatoboa. Tulipofunga nyuzi, uzi wa G ulikuwa umening'inia ukingoni mwa shingo kama kondakta mlangoni mwa daladala, na kila nilipoukandamiza uliteremka kabla ya kituo. "Itakubali tu ukishaizoea," akasema fundi. Tukaziba na kutoboa mara ya pili, safari hii rula nikiishika mwenyewe, naye akiwa amenuna kana kwamba nimemletea mkaguzi.

Nyumbani nilifanya ile kazi ya subira. Unaugusa uzi bila kuukandamiza juu ya freti ya 12, unasikiliza, kisha unaukandamiza hapo hapo. Sauti ya pili ikiwa imepanda kuliko ya kwanza, kigari kinarudishwa nyuma, na ikiwa imeshuka, kinasogezwa mbele. Nilimaliza usiku wa manane, nikalala kama bwana harusi.

Alhamisi, mazoezini, nikachomeka waya kwenye amplifaya, na kabla sijagusa chochote ukumbi ukajaa mvumo mzito. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali G ya chini ya besi ina mitetemo 49, kwa hiyo gitaa langu lilikuwa likiimba G iliyopanda kidogo, bila kuvuta pumzi, hata wakati wa sala ya kufungua. Kwa kawaida mpigaji akizigusa nyuzi mvumo hupungua, kwa sababu chini ya briji hupita waya mwembamba unaoiunganisha na ardhi ya umeme ya gitaa. Nilizigusa zote nne, nikaligusa na bamba lenyewe kwa kiganja kizima. Mvumo ukaendelea.

Nikampigia simu fundi wa Keko.

"Ule waya?" akasema kwa uchangamfu. "Haukuwa umeshika popote, mzee, nikaukata. Na wala sikukudai hela ya ziada."

Jana nimelipeleka Magomeni kwa fundi redio ili auunge waya huo. Alilipindua gitaa mara mbili, akaitazama briji kwa muda mrefu, akaguna, kisha akauliza lile swali ambalo kila fundi wa jiji hili huanza nalo: "Nani alikufungia hii? Mbona imekaa upande?" Nikaitoa rula mfukoni ili nimthibitishie. Akanizuia kwa mkono, akafumba jicho moja.