Makala Ikishawaka, Utauzisha Nini?

Neno "makala" lina maana mbili na leo nazihitaji zote. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, makala ni hii anayoisoma. Kwetu Lubumbashi, Kongo, makala ni mkaa, ule tunaopikia bukari, yaani ugali. Kuna na Makala ya tatu, gereza la kule Kinshasa, lakini hiyo tuiache hukohuko.

Kazi yangu ni afishi, yaani mabango. Za harusi, za matanga, za mkesha wa maombi, za mechi za mtaa. Kibanda changu kiko Kenya, ambayo ni komini, yaani wilaya, ya hapa mjini, si ile nchi: kompyuta moja, printa moja ya rangi, na betri ya gari ya kunishika mkono umeme ukienda zake. Siku hizi picha nyingi nazitengeneza kwa programu za akili mnemba, na vijana wa fani hii hupita kuniuliza ni maneno gani ya siri ninayoiandikia mashine. Siri sina. Nina maoni, na naona hawayapendi: anayeijua makala ataisahihisha picha ya makala vizuri kuliko anayeijua mashine.

Nilifundishwa na mama mmoja wa Katuba, komini nyingine ya hapa. Huyo mama anauza makala, na alitaka picha ya kuweka WhatsApp na ya kubandika ukutani kwake. Nilikuwa nimeshajaribu kuandika kwa Kiswahili, neno makala likaniletea ukurasa wa gazeti wenye herufi zisizosomeka. Nikahamia Kifaransa: mwanamke Mwafrika, anauza makala, soko la Kenya, Lubumbashi, halisi sana, ubora wa juu. Zikaja picha nne. Nyuma ya muuzaji jua linazama kama chungwa, mbuyu mmoja, nyumba za nyasi, na pembeni Wamasai wawili na mashuka yao mekundu. Mashine ilisikia Kenya ikapanda ndege kwenda Nairobi.

Mama akainamia skrini. "Balitoka wapi aba?"

Nikamwambia ni kosa dogo, ngoja nirekebishe. Yeye akaendelea kutazama, akiwa hana haraka, kama mtu anayekagua gunia kabla ya kulipa. "Na uyu mama, makala yake inawaka. Ikishawaka, atauzisha nini?"

Ni kweli, magunia yote yalikuwa na makaa mekundu yanayong'aa, utadhani nyama inasubiriwa. Nilikuwa nimeitazama picha ile dakika kumi nzima na sikuliona hilo. Kabla sijajitetea akaongeza la tatu: "Mikono yake iko safi."

Hapo ndipo nilipoacha kugusa kibodi. Nilichukua daftari nikamwomba aniambie kila kitu kinachokosewa, nami nikaandika. Gunia la kwetu hujazwa hadi lipite mdomo wake, kichwa kikafunikwa kwa majani na kufungwa kamba. La mashine lilikuwa limefungwa vizuri kama la mchele. Wanaume waletao makala kwa kinga, yaani baiskeli, kutoka barabara ya Kasenga, wakiwa na mzigo hawapandi, wanasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye magunia. Yule wa mashine alikuwa amekaa juu anatabasamu, na pedali moja hakuna. Udongo wetu ni mwekundu. Kuta ni za matofali ya kuchoma, mengi yakifyatuliwa kwa udongo wa vichuguu, vile vichuguu vyetu vinavyozidi nyumba kwa urefu. Mbuyu hapa mjini utauona wapi? Sisi ni watu wa miombo, na mjini ni jakaranda.

Ndipo nikaanza kurekebisha kweli. Neno la kwanza kulifuta lilikuwa "Mwafrika". Nililifuta na jua la chungwa likaondoka nalo. Nikafuta "Kenya". Nikafuta "halisi sana" na "ubora wa juu", kwa sababu maneno hayo hayaelezi kitu chochote ambacho jicho linaweza kukiona. Yananipa tu ngozi inayometa kama imepakwa mafuta. Mahali pake nikaweka vitu: mwanamke wa miaka hamsini, kitenge kilichofifia, vidole vyeusi kwa vumbi la mkaa, magunia yaliyofurika na kufunikwa majani, ukuta wa matofali, udongo mwekundu, mchana wa mawingu.

Haya si mapenzi ya mashine kwa mbuyu. Mashine inarudisha ilichoonyeshwa. Stable Diffusion, programu ya kutengeneza picha iliyotolewa Agosti 2022 na ikawa ya kwanza ambayo wengi wetu tuliweza kuipakua bure, ilifunzwa kwa sehemu za mkusanyiko unaoitwa LAION-5B: picha bilioni 5.85 zilizookotwa intaneti pamoja na maelezo yake, na kati ya hizo takriban bilioni 2.3 maelezo yake ni ya Kiingereza. Sasa jiulize ni watu wangapi wamepiga picha Katuba wakaandika chini yake kwa Kiingereza kwamba gunia la makala lina kichwa cha majani. Picha ya kwanza unayopewa ni wastani wa macho ya watalii. Matoleo yale ya awali pia yalisoma vipande 77 tu vya maneno kwa mkupuo, na jina refu kama Lubumbashi hukatwa vipande kadhaa. Kwa hiyo anayeandika maagizo marefu kama litania ya watakatifu anaombea hewa: ya mwishoni hayasomwi.

Nilikosea pia kwa kuandika "bila twiga", maana twiga alitokea kwenye jaribio la pili. Nilipoandika hivyo wakawa wawili. Mashine kama ile hazielewi "bila", zinasikia "twiga". Programu nyingine zina kisanduku cha pembeni cha kuorodhesha usivyovitaka, na twiga anakaa humo. Ikiwa yako haina kisanduku, usimtaje kabisa, jaza nafasi yake kwa ukuta.

Sasa nifike kwenye kinachonikera, kile kitufe cha kutoa picha nyingine. Kuna rafiki yangu wa kazi, fundi mzuri kwa kila kitu kingine, yeye haandiki upya hata neno moja. Anabofya. Nne, nane, arobaini, mpaka mega za intaneti zimwishie, akisema moja itatokea nzuri kwa bahati. Anaita hiyo kurekebisha. Mimi naiita bahati nasibu, na tiketi anainunua mteja.

Programu nyingi za aina hii huanza na chenga tupu, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, halafu huzisafisha hatua kwa hatua zikiongozwa na maneno yako, hadi sura itokeze. Chenga hizo hutokana na namba iitwayo mbegu. Mbegu ileile, maneno yaleyale na mipangilio ileile hukupa picha ileile. Ukibadilisha mbegu umehama shamba. Kwa hiyo anayebofya "nyingine" bila kushika mbegu, halafu hapohapo akabadilisha maneno matatu, hawezi kujua mkono umechafuka kwa sababu ya neno au kwa sababu ya chenga. Mimi nashika mbegu, nabadilisha kitu kimoja, natazama, naandika daftarini. Polepole, ndiyo. Kwa mama wa makala nilifika jaribio la kumi na moja. La tano ndilo lililoleta magunia. Kinga ilikataa kabisa mpaka nilipoiacha picha yote kama ilivyo nikaizungushia duara sehemu ile tu, nikaiagiza ichore upya humo ndani: mwanamume anatembea, anasukuma. Mikono ya mama vilevile, kwa duara. Maandishi ya ukutani sikuipa kabisa, kwa sababu ilikuwa inaandika MAKAALLA. Niliandika mwenyewe kwa programu nyingine, dakika mbili.

Vitufe vya mabadiliko vina kazi yake, sikatai. Midjourney, programu nyingine ya picha, hata imevitenganisha, mabadiliko madogo upande mmoja na makubwa upande mwingine, na hayo madogo nayapenda ninapokuwa nimeshafika na ninachotafuta ni mwelekeo wa kitambaa tu. Lakini kubofya ukiwa bado hujui kosa liko wapi ni kumuuliza kinyozi kama unahitaji kunyolewa.

Mji huu si mgeni wa mabadiliko ya picha moja, na ndiyo maana naona aibu tukijifanya tunafundishwa na mashine. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa, wakatoka humo akina Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Bela alipaka rangi kwa vidole. Mwenze alijaza turubai kwa mistari mifupi mifupi. Ukiwawekea samaki mmoja hao watatu, utapata samaki watatu, na kila mmoja utajua wa nani. Baadaye, miaka ya 1970, wachoraji wa mitaani waliuza picha za kutundika sebuleni, nyingine juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Mtaji wao ulikuwa kurudia. Mamba muntu, yule mwanamke samaki, alichorwa tena na tena. Vilevile "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini anachapwa fimbo, Mbelgiji anatazama, bendera juu. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, aliichora picha hiyo mara nyingi, na kati ya 1973 na 1974 akachora historia nzima ya nchi, picha takriban mia moja, akimweleza kila moja kwa Kiswahili chetu mwanaanthropolojia Johannes Fabian.

Picha zile watu waliziita za ukumbusho. Mgeni anaingia sebuleni, anauliza hii ni nini, mwenye nyumba anaanza kusimulia. Mchoraji akibadilisha kitu, kofia ya askari au mama anayeleta chakula, alikuwa na sababu, na mnunuzi aliweza kubishana naye mlangoni. Mashine inabadilisha bila sababu. Sababu lazima uilete wewe.

Na kuna mahali ambapo sababu haitoshi. Papa mmoja, ndivyo kwetu tunavyomwita baba mtu mzima, alikuja kibandani na kadi ya kazi ya baba yake, aliyeingia kazini enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, na kustaafu ikishaitwa Gécamines. Maji ya mvua yalikuwa yameila picha ya kadi: umebaki upande wa bega, kola, na namba. Picha nyingine ya mzee hawana. Akaniuliza kama ile mashine yangu inaweza kumrudisha.

Nilipaswa kukataa palepale. Sikukataa. Nilimwomba asimulie kama nilivyomwomba mama wa makala, akasimulia: paji pana, masikio yaliyolala, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Zikaja sura nne, yaani baba wanne. Akachagua wa tatu. Tukaanza, pua ipungue, nywele zirudi nyuma, nikishika mbegu, nikibadilisha kimoja kimoja, kazi safi kabisa kwa kanuni zangu zote. Kwenye ya saba akasema, "Njo yeye," yaani ndiye. Kisha akasita, akaomba mdomo uguswe kidogo. Kwenye ya kumi na tisa akasema tena, "Njo yeye." Ya saba na ya kumi na tisa hazikuwa mtu mmoja, wala ndugu.

Na hapo nikaona jambo lililonitoa jasho. Mwanzoni alikuwa anafumba macho kabla ya kujibu. Sasa alikuwa anaitazama skrini tu. Kwa mama wa Katuba, kila jaribio lilisogea kuelekea gunia ambalo mimi na yeye tungeweza kutoka nje tukaliona. Kwa papa huyu hapakuwa na nje. Kadiri nilivyoboresha picha, ndivyo sura ya mashine ilivyokuwa inakaa juu ya ile aliyokuja nayo kichwani.

Alimtumia dada yake, yuko Likasi, ile ya kumi na tisa. Sauti ikarudi baada ya robo saa, tukaisikiliza wote wawili: "Eh, sura muzuri. Njo nani?"

Nikamwomba ruhusa ya kufuta zote, akakubali kwa kichwa. Kisha nikachukua ile kadi, nikaiweka kwenye skana jinsi ilivyo, na doa la maji, na bega, na namba, nikaikuza mpaka ikajaa karatasi ya A3. Sikugusa hata kona iliyochanika. Akauliza bei. Nikamtoza fotokopi ya rangi.