Risasi za .22 za mazoezi: lipia umbali, usilipie jina la boksi

Methali ya "rahisi huvunja upishi" imewaponza walenga shabaha wengi. Mtu anapiga bastola ya .22 (kipenyo cha milimita 5.6 hivi) kwenye mita 25, anaambiwa risasi za bei ya chini zitamharibia, ananunua boksi la mashindano, halafu kwa kuwa ni ghali anazibania mpaka zinakaa kabatini. Kilichovunjika hapo ni mazoezi yenyewe. Mwingine ana bunduki ya bolti, ile inayokokwa kwa mkono kila risasi, ya mita 50, anachukua pakiti kubwa ya risasi za kasi, zile zinazotoka zikiipita sauti, kwa sababu moja inamwangukia bei ndogo, kisha anashinda akizungusha skrubu za saiti kutafuta kosa ambalo halimo kwenye bunduki. Wote wawili wameangalia bei, hakuna aliyeangalia umbali.

Msimamo wangu ni huu. Kwa mita 25, nunua risasi yoyote ya kasi ya kawaida inayolipuka kila mara, hata iwe ya bei ya chini kuliko zote dukani. Kwa mita 50 nunua ya bei ya kati, baada ya kuijaribu kwenye bunduki yako wewe, si ya jirani. Risasi za kasi na zile za mashindano makubwa hazina kazi kwenye mazoezi ya kila wiki.

Hesabu yake si ngumu. Risasi ya kawaida ya .22 ina grani 40, yaani gramu 2.6. Ikitoka mtutuni kwa mita 326 kwa sekunde, inafika mita 50 ikiwa imeshuka kama sentimita 12 kutoka mstari wa mtutu. Ikitoka na pungufu ya mita 10 kwa sekunde, inashuka milimita 8 zaidi. Duara la kumi kwenye karatasi ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, ya bunduki mita 50 lina upana wa milimita 10.4 tu, kwa hiyo pungufu hiyo peke yake inatosha kukupeleka ukingoni kabisa mwa kumi ukiwa umelenga sawasawa. Risasi za bei ya chini, zile zinazomwagwa mia tatu na ushee kwenye pakiti moja, huweza kupishana mita 25 kwa sekunde. Hizo ni sentimita 2 za juu na chini ambazo mkono wako haukuzisababisha.

Sasa zilete risasi zilezile kwenye mita 25. Tofauti ya mita 10 kwa sekunde inakuwa milimita 2, na ile ya mita 25 inakuwa milimita 5. Duara la kumi la bastola kwenye umbali huo ni milimita 50. Ukipata nane hapo, kosa liko kwenye kidole au kwenye kifundo cha mkono, na boksi la bei mara tatu halitalitibu.

Kuhusu kasi, watu hudhani risasi inayokwenda mbio ndiyo inayonyooka. Kwenye .22 mambo ni kinyume. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na kama 348 kwenye nyuzi 28. CCI Mini-Mag, mojawapo ya risasi za kasi, iliyoandikiwa mita 376 kwa sekunde, inatoka mtutuni ikiwa imeipita sauti, na kabla ya kuifikia karatasi ya mita 50 imesharudi chini yake. Katika kuvuka huko hewa huikaba sana, na hapo ndipo upepo wa pembeni unapoipata: inasukumwa zaidi kuliko risasi ya kawaida, ingawa inafika mapema. CCI Standard Velocity na SK Standard Plus, zenye kasi ya mita 326 hadi 328, huanza chini ya sauti na kubaki chini yake. Hapa Mwanza tuna nafuu ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawana. Kwenye nyuzi 0 sauti ni mita 331 tu, kwa hiyo risasi ya kawaida inakwenda ikiugusa mpaka. Kwetu, hata asubuhi ya Julai, nafasi ipo.

Isipokuwa kuna bunduki za nusu-otomatiki, zinazojikoki zenyewe kila zikipiga, zilizofungwa springi kwa ajili ya risasi za kasi. Ukizilisha za kawaida, bolti hairudi nyuma vya kutosha, na ganda tupu linabanwa mlangoni likiwa limesimama kama bomba la moshi. Kabla ya kulaumu risasi, safisha chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) na uso wa bolti, tia tone moja la mafuta kwenye reli zake, kisha jaribu magazini mbili. Ikiendelea kukwama, bunduki hiyo inataka risasi za kasi na huna ujanja. Bastola za shabaha ziko upande wa pili: nyingi zimeundwa kwa kasi ya kawaida, na risasi za kasi hupigisha slaidi nyuma kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Soma kitabu chake kwanza. Kama ni bunduki ya bolti, inakula zote.

Dukani, omba kufunguliwa boksi. Risasi nzuri ya mazoezi ina kichwa cha kijivu cha madini ya risasi yasiyofunikwa, chenye mifereji ya kubana, kimepakwa nta ambayo ukiigusa inaacha utelezi kidoleni. Nta iwe imeenea pande zote. Kamata kichwa kwa vidole viwili na ukizungushe taratibu: kikizunguka ndani ya ganda, rudisha boksi. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba ya ganda, zilikaa penye unyevu. Vile vichwa vinavyong'aa rangi ya shaba vina ngozi nyembamba tu juu ya madini hayohayo laini. Havichafui mikono sana, lakini havina faida kwenye karatasi, na kanuni za ISSF zinataka vichwa vya madini ya risasi au kitu laini kama hicho. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, ukiwa na leseni yako mkononi. Risasi za kuokoteza zilizofungwa kwenye gazeti, hata zikiwa bure, hujui zilikaa wapi wala ni za loti ipi, yaani mkupuo upi wa kiwandani. Hata kwenye kinyang'anyiro cha bei, hizo si bei, ni kesi.

Kuhusu kujaribu, hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Chukua boksi moja moja la aina tatu, ya risasi 50 kila moja. Lala chini au kaa mezani, laza fremu ya mbele ya bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kamwe usiulaze mtutu wenyewe. Kila unapobadili aina, piga kwanza 10 hadi 15 ambazo huzihesabu, kwa sababu nta ya aina iliyotangulia bado imo mtutuni, na makundi ya mwanzo, yaani matundu ya risasi zilizolengwa sehemu moja, hutawanyika mpaka nta mpya ienee. Wengi huruka hatua hii, wanapiga tano, wanaona zimesambaa, na risasi nzuri inatupwa kwa kosa la ile iliyotangulia. Baada ya hapo piga makundi matatu ya risasi kumi kumi. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali zaidi nalo, toa milimita 5.6, upate upana wa kundi. Chukua wastani wa makundi yote matatu.

Usidanganywe na kundi zuri la risasi tano. Kwa kawaida kundi la kumi huwa pana kuliko la tano kwa karibu robo, hata risasi zikiwa ni zilezile, kwa hiyo anayejisifu kwa tano na mwenzake aliyepiga kumi hawazungumzi lugha moja. Na ile tabia ya kusema "hii moja niliivuta vibaya, siihesabu" iache nyumbani. Ukitaka kuitoa, iseme kabla ya kuangalia karatasi.

Umbo la kundi nalo linasema. Likisimama wima, refu kwenda juu na jembamba kwa upana, ni kasi inayopishana. Hiyo ni risasi. Likilala kwa mlalo, ni upepo au kidole. Kundi zuri lenye tundu moja lililotoroka mbali, katika kila boksi, ni risasi tena: fataki ya .22, kemikali inayowasha baruti, imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, inasambazwa humo ikiwa mbichi kwa kuzungushwa, na isipoenea sawa risasi inawaka vibaya au inagoma. Kwa boksi la mazoezi, moja ikigoma kati ya mia kadhaa navumilia. Zikigoma mbili kwenye boksi la 50, kagua pini na uchafu wa chemba. Kama huko ni salama, achana na loti hiyo.

Risasi ikigoma, elekeza mtutu kwenye shabaha na uhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua. Mlio ukiwa hafifu, kama mtu amepiga kofi, simama kabisa, toa kila kitu, chungulia mtutu kutoka upande wa chemba. Kichwa kilichobaki humo na kingine kikikifuata nyuma huvimbisha mtutu, na mtutu uliovimba hautengenezeki.

Upepo wa ziwa una ratiba yake. Asubuhi mapema hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na taratibu. Jua likishapanda, inageuka na kuanza kuvuma kutoka ziwani. Upepo wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde husogeza risasi ya kawaida sentimita 2 hivi kwenye mita 50. Jaribio la kulinganisha aina lifanyike asubuhi, au utakuwa unapima ziwa. Tena tusisahau mawe yetu. Risasi ya .22 hufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na kichwa cha risasi laini kikigonga jabali la Mwanza au uso wa maji kwa pembe ndogo kinadunda na kwenda kisikojulikana. Kupiga kuelekea ziwani ni kupiga kuelekea mitumbwi. Tuta la nyuma ya shabaha liwe la udongo usio na mawe, kwenye uwanja ulioruhusiwa.

Ukishapata aina inayokufaa, tazama namba ya loti kwenye mfuniko na urudi dukani kununua maboksi ya loti hiyohiyo, kwa kiasi ambacho kibali chako kinaruhusu. Jina lilelile lenye loti nyingine linaweza kupiga tofauti kabisa. SK na risasi za .22 za Lapua hutoka kiwanda kimoja cha Schönebeck, Ujerumani, na bado loti mbili za boksi lilelile hazifanani. Kama duka lina aina mbili tu, fanya jaribio kwa hizo mbili. Usingoje mzigo wa ndoto. Kuna wanaopima uzito wa kila risasi ya bei ya chini kwenye mizani ya sonara ili watenge nzuri na mbaya. Mizani haikwambii kama uzito umezidi kwenye ganda, kichwa au baruti, na baruti, sehemu ndogo kuliko hizo nyingine, ndiyo inayokuhangaisha zaidi. Jioni hiyo afadhali ufyatue bila risasi, mazoezi ambayo hayana gharama. Ila kwenye .22 nyingi pini hugonga ukingo wa chemba ikiwa tupu na kuutia alama, kwa hiyo tia ganda la plastiki la mazoezi, au ile plagi ya plastiki ya skrubu ya ukutani, ndogo inayoingia chemba bila kulazimishwa.

Ukitoka uwanjani nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kushika chapati. Vumbi la madini ya risasi linatoka kwenye kichwa na kwenye fataki pia, na nguo za uwanjani zifuliwe mbali na za watoto.

Kuhifadhi: kopo la chuma lenye mpira mfunikoni, vifuko vya kunyonya unyevu ndani, kabati lililofungwa kwa kufuli, mbali na bati la paa. Usiziache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Igoma au Buzuruga. Nta inayeyuka, inatiririka upande mmoja na kuokota mchanga ambao utakwenda kuukwaruza mtutu. Boksi ambalo nta yake imeganda upande mmoja, kama ni safi, lipigie mita 25. Kama lina mchanga, usilipigie kabisa.