Gesi Iwe ya Mwisho Kulaumiwa

Kwa mafundi wengi wa AC niliokutana nao hapa Dar es Salaam, gari lisilopoa lina ugonjwa mmoja tu, nao ni gesi kupungua. Ninaipinga kauli hiyo kwa dhati, kwa sababu Mercedes-Benz 230E yangu ya mwaka 1982, niliyoifufua kwa miaka mitatu kuanzia bodi hadi vitambaa vya viti, ilijazwa gesi mara tatu ndani ya miezi saba, na bado nikawa nafika kazini shati limeloa.

Gesi ya AC si petroli. Haichomwi wala haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto la ndani ya gari kwenye koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi na kulitupa nje kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Ikipungua, imevuja, na fundi anayeiongeza bila kutafuta inapotokea anakukopesha wiki chache za ubaridi kwa bei ya matengenezo.

Magari ya rika hili yana tatizo lao la ziada. Yaliundwa kutumia gesi ya R12, ambayo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliiweka miongoni mwa kemikali za kuondolewa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na leo karibu kila gereji hujaza R134a badala yake. Gesi hizi mbili hazilingani. Kwenye joto kali R134a husukuma kwa shinikizo kubwa zaidi upande wa kondensa, hupenya kwa urahisi zaidi kwenye hosi za mpira za zamani, na haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyokuwa yakilainisha kompresa ya R12, yaani pampu inayosukuma gesi, hivyo mafuta nayo lazima yabadilishwe. Hata kipimo hakifanani: kwa kawaida huwekwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa gesi ya awali. Ikizidishwa, gesi iliyogeuka kimiminika hulundikana ndani ya kondensa na kuipunguzia nafasi ya kutupa joto, shinikizo likapanda na ubaridi ukashuka. Ndivyo gari langu lilivyofanywa mara ya tatu, kwa fundi aliyejaza kwa kukisia huku mzani wa gesi ukiwa umewekwa kabatini.

Kabla ya kugusa mtungi wowote, ninashauri mwenye gari anunue kipimajoto kidogo, akichomeke kwenye tundu la katikati la dashibodi, kisha aangalie ni wakati gani hasa ubaridi unapotea. Gari linalopoa vizuri likiwa mwendoni na kupasha joto kwenye foleni linalalamikia upepo unaopita kwenye kondensa: feni dhaifu, mapezi (vibati vyembamba vya kondensa) yaliyolala, au vumbi lililoganda kati ya kondensa na rejeta. Kompresa iliyochoka nayo huonyesha dalili hiyo, na hapo ndipo geji mbili za kupima shinikizo zinapohitajika. Likipoa kwa dakika 20 kisha upepo ukaendelea kwa nguvu ileile lakini wenye joto, mara nyingi ndani ya mfumo kuna unyevu unaoganda kwenye valvu ya ekspansheni, yaani kijitundu chembamba ambamo gesi hupita kabla ya kuingia kwenye koili. Lakini upepo wenyewe ukififia, barafu imeziba koili ya ndani. Tofauti hii ndogo huokoa fedha nyingi. Unyevu ni adui wa kawaida wa gari lililofufuliwa, kwa kuwa mabomba yake huachwa wazi kwa miezi wakati bodi ikipakwa rangi, na chujio la kunyonya unyevu, yaani draya, huwa limekwisha kushiba kabla injini haijawashwa. Libadilishwe kila mara mfumo unapofunguliwa, na hewa yote ivutwe kwa pampu kabla ya gesi kuingia.

Hata hivyo, lililonisumbua zaidi halikuwa upande wa ubaridi kabisa. Fundi mmoja mtu mzima, ambaye kazi yake ni rejeta wala si AC, aliniuliza kama nimewahi kuzuia maji ya moto yasiende kwenye hita. Tuliibana hosi yake kwa klempu ya mbao, na ndani ya dakika kumi kipimajoto kikashuka kutoka nyuzi 17 hadi 11. Valvu ya hita haikuwa ikifunga hadi mwisho, kwa hiyo miezi yote hiyo hewa iliyopozwa ilikuwa ikipashwa moto tena kabla ya kunifikia. Hapa Tanzania ya pwani hakuna anayewasha hita, na ndiyo sababu hakuna anayeikumbuka.

Baada ya hapo nilifungua dashibodi na kukuta sponji zinazoziba vilango vya hewa zimegeuka unga. Hewa ya nje ya Dar es Salaam, yenye unyevu mzito, iliingia hata nilipofunga njia yake, na koili ikatumia sehemu kubwa ya nguvu zake kugeuza mvuke kuwa maji yanayodondoka chini ya gari. Nilikuwa nimelipia nikeli ya bampa nikasahau sponji ya bei ya chai, na hata blanketi la kuzuia joto la injini lililokuwa chini ya zulia nililitupa kwa sababu lilinuka. Ninaona makosa haya kwenye magari mengi yaliyofufuliwa kwa mapenzi makubwa: kinachoonekana hurudishwa kama kilivyotoka kiwandani, na kisichoonekana hutupwa.

Sasa, baada ya valvu mpya, sponji mpya na gesi iliyopimwa kwa mzani, tundu la katikati linanipa nyuzi 8 mwendoni na 12 kwenye foleni ya Mwenge saa saba mchana. Kilichobaki ni kubadilisha kondensa. Ya awali ni ya mabomba ya duara yaliyopenya kwenye mapezi. Nimekwisha kupima nafasi iliyo mbele ya rejeta, na ile ya kisasa yenye njia bapa nyingi zinazopitisha gesi sambamba itaingia bila kukata chuma chochote cha bodi.