Hatujafiwa

Asubuhi hii nimeletewa rambirambi. Bahasha ya kaki, kilo mbili za sukari, na jirani yangu wa kihamba cha juu, yaani shamba la migomba la juu yetu, amesimama mlangoni, kanga mbili kiunoni, sura ameshaipanga kimsiba. "Pole baba. Tumechelewa kuja, tulisema mpumzike kwanza na safari." Nikamwambia mama, sisi hatujafiwa. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake ambaye bado hajakubali. "Ndiyo baba. Mungu ndiye mpangaji." Nikamweleza upya: tulikwenda Tanga kutembea tu, kuangalia bahari, tukaenda Pangani, tukafika mpaka Bagamoyo, tukarudi nyumbani. Akaangalia Hiace yangu pale chini ya mparachichi, akashusha sauti. "Na aliugua muda mrefu?"

Sukari nimeipokea. Kwa bei ya sasa sukari hairudishwi.

Lakini naomba kuuliza, watu wa Moshi. Mtu mzima, amestaafu, amelipa ada mpaka ya kitinda mimba, hana kesi ya mpaka wa shamba, na habari za kikokotoo cha pensheni ameacha kuzisikiliza kwa sababu ya presha. Mtu huyo haruhusiwi kumpakia mke wake kwenye gari akaenda kutazama maji ya chumvi mpaka kwanza afiwe? Kwetu safari ina sababu nne zinazokubalika: msiba, harusi, hospitali na kiwanja. Ukitaja Tanga wanaongeza ya tano, ambayo hawaitamki, wanakukonyeza tu. Shemeji yangu wa Machame amenipigia usiku, ananong'ona: "Mganga kakupa dawa ya kunywa au ya kuoga?" Mtu amesoma mpaka chuo kikuu huyo.

Halafu tuliondoka Desemba. Desemba, mwezi ambao Mchaga popote alipo anarudi nyumbani. Dar nzima inapanda, sisi wawili tunashuka. Magari yote yanakuja usoni kwetu, maV8 yamejaa watoto na zawadi, na kila anayetutambua anapiga honi na kutuonyesha kwa mkono: geuzeni, kwenu ni huku!

Gari lenyewe lilikuwa daladala ya Marangu kabla sijalinunua. Niling'oa viti, seremala akanipigia kitanda cha mninga chenye droo za sufuria chini yake, jiko la gesi likakaa nyuma, mapazia ya maua akachagua mama watoto. Nikapaka rangi nyeupe. Tatizo ni ule mstari wa rangi wa ruti ya daladala. Saa nne asubuhi, jua likilipiga gari ubavuni, mstari unajitokeza chini ya rangi kama kovu la chanjo. Na abiria wa Kilimanjaro huuona hata gizani.

Himo tukasimama kununua ndizi mbivu. Mama watoto anavutana na muuzaji juu ya mia mbili, mimi natafuta chenji kwenye kiti. Kugeuka, mlango wa ubavuni uko wazi, bibi mmoja ameshapanda na ameshakaa. Kitandani kwangu. Kuku mapajani, kapu miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nauli ya Mwanga bado ni ile ile?"

Nikamweleza kwa upole kwamba hili si gari la abiria. Akazungusha macho polepole. Akaona mapazia, akaona jiko, akaona mito miwili yenye foronya zilizofumwa kwa mkono. "Mmelipamba kweli," akasema. "Ila viti mmepunguza sana." Nikamgeukia mke wangu anisaidie, naye akasema, "Mwache baba, ni mtu mzima, na Mwanga si tunapita?" Ndivyo wanawake wanavyofilisi kampuni za usafiri.

Hatujaenda mbali, mkono mweupe uko juu. Nikaegesha. Afande kijana, sare imenyooka, adabu tele. "Shikamoo mzee wangu." Leseni, bima, stika ya Nenda kwa Usalama, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili. Vyote ninavyo, kwenye faili, kwa mpangilio. Nimekuwa karani maisha yangu yote, hunipati kwenye karatasi. Akaridhika. Halafu, sijui shetani gani alimtuma, akazunguka akafungua mlango wa nyuma. Akanyamaza muda mrefu.

"Mzee, hili gari ni la abiria?"

"La binafsi, afande."

"La mizigo?"

"La binafsi."

"Sasa kitanda ni cha nini?"

"Cha kulala."

"Nani amelala?"

"Bado hatujalala."

Akamwona bibi. Nikamsoma usoni anavyojumlisha: kitanda, bibi kizee, mama mwingine kajitanda kanga pembeni. "Mnampeleka hospitali gani?" Kabla sijafungua mdomo bibi akajibu kwa sauti ya kanisani: "Mimi ni mzima! Nashuka Mwanga, na nauli nimeshatoa!"

Nauli! Sikuwa nimepokea hata shilingi. Nikaapa mbele ya afande kwamba sijapokea. Bibi, bila haraka, akainua mto wangu. Noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne, iko pale inatuangalia.

Nikashuka. Nikaweka mikono nyuma, nikasimama kama nilivyokuwa nasimama siku za wageni wa kutoka wizarani. "Afande," nikasema, "mimi na mwenzangu tumestaafu, tunafanya safari ya mapumziko katika mwambao wa Bahari ya Hindi." Akanitazama kwa wasiwasi wa dhati. "Mapumziko ya nini, mzee? Mnaumwa?" Akamwita mkubwa wake, dada mmoja mtaratibu aliyekuwa kivulini. Akaja, akachungulia kitanda, jiko, sufuria, ndoo, mapazia.

"Mzee, mnahama?"

"Hatuhami."

"Mmekosana na watoto?"

"Watoto wako wazima, tunaelewana!"

"Wameuza nyumba?"

Hapo mama watoto akashindwa. Akajifunika kanga uso mzima, mabega yanatikisika. Mimi najua anacheka, nimeishi naye, nazijua dalili. Lakini anayecheka ndani ya kanga na anayelia ndani ya kanga, ukiwa nje huwatofautishi. Dada wa watu akalainika. Akapanda, akamshika bega. "Pole mama. Pole sana." Akashuka, akamwambia kijana kwa sauti ya chini: "Waache waende. Hawa wana msiba."

Nikasema hatuna msiba. Wakasema tunaelewa mzee. Nikasema kwa sauti zaidi, HATUNA MSIBA, magari yakapunguza mwendo kutazama. Yule kijana akanifungulia mlango mwenyewe, akaniingiza taratibu kwa kiwiko, "Endesha polepole baba, Mungu awatie nguvu." Na bibi huko nyuma, na kuku wake, ameanza kuimba wimbo wa mazishi.

Alishukia Mwanga. Elfu mbili aliikataa, akasema iwe mchango wake. Na nimekuja kugundua ana binti ameolewa hukuhuku kwetu, nyumba ya tano kutoka kanisani, kwa hiyo hiyo bahasha ya kaki nimeshajua ilikotokea.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi hasa. Tukiwa bado tumesimama pale, ilipita Land Cruiser ya wazungu wawili, nywele nyeupe kuliko zangu. Hema juu ya paa, koleo ubavuni, madumu, na mbele ya kiti naona kabisa kuna mto wa kulalia. Wamepungiwa mkono. Karibu Tanzania! Hakuna aliyewauliza kama wamefukuzwa na watoto. Mzee wa Kijerumani akilala garini ni mtalii, mzee wa Kibosho akilala garini ni habari ya kupeleka kwenye kikao cha ukoo. Miaka yote nimekaa kwenye kiti cha ofisi kinachonichoma mgongo, nimezika watu, nimeoza watu, nimechangia kamati ambazo harusi zake zilishavunjika, kadi za mchango bado zinaingia mpaka leo, na nikitaka siku chache tu za kukaa kimya na mke wangu mahali ambapo hakuna mtu ananidai, naambiwa pole! Pole ya nini?

Basi. Tuendelee.

Same jua kali. Mombo chai nzuri. Korogwe mkonge, mkonge, mkonge, mpaka mama watoto akauliza unaishia wapi. Nikamwambia hayo yote chanzo chake ni miche 62. Mjerumani Hindorf aliiagiza 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, mingine ikafia njiani. Akasema afadhali ingekufa yote tuone mbele. Muheza tukajaza machungwa mpaka kwenye droo za sufuria.

Pangani ndipo nilipopumua, ingawa kulala ndani ya Hiace kwenye joto la Pangani ni adhabu: ukifungua kioo mbu, ukifunga unaiva. Lakini asubuhi tulikaa kando ya mto na vikombe vya chai, nikamwonyesha mke wangu yale maji. Haya ni ya kwetu, nikamwambia. Mto Kikuletwa unakusanya ya Meru na ya upande wetu wa Kilimanjaro, mto Ruvu wa hukuhuku Kilimanjaro unaleta mengine, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanateremka mpaka hapa na kuingia baharini. Maji ya Moshi yanakwenda pwani kila siku na hakuna anayeyauliza yamefiwa na nani. Mzee mmoja pale barazani, mbele yake bao, akatuona tumekaa, akasema, "Mmekuja kupunga upepo? Karibuni, upepo upo." Akarudi kwenye kete zake. Nilitaka kumkumbatia.

Kivuko tulivuka salama, ila machungwa matatu yalidondoka mtoni. Saadani tulimwona tembo kwa mbali, au jiwe.

Bagamoyo mama watoto alinizidi akili. Pale kuna misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu ya mwaka 1868, na ni mapadre hao hao waliokuja kufungua misheni ya Kilema, huku kwetu Kilimanjaro, mwaka 1891. Akazunguka makaburi yote, akasali, akapiga picha msalaba. Tuliporudi, kwenye jumuiya wakamuuliza, akajibu neno moja: "Hija." Kwisha. Wamempigia makofi, wameomba awaonyeshe picha, mmoja ameuliza kama alichota maji. Watu wale wale, safari ile ile, gari lile lile. Yeye kahiji, mimi nimefiwa, na kwa shemeji nimekwenda kwa mganga.

Sasa anataka Kilwa. Nimemwambia Kilwa sawa, lakini kwanza rangi. Jana nimekwenda kwa fundi rangi, kijana wa simu mbili, anaongea na mteja huku anaongea na mwingine. Anataka laki nne. Laki nne, na hapo vanishi ni juu yangu. Nikamwuliza kwa laki nne hizo mstari utapotea kabisa? Akazunguka gari, akagonga bodi kwa kidole, akasema, "Mzee usiwe na shaka, huu tutaufuta, halafu nakuchorea mpya wa bluu, gari lipendeze." Na bado hajanirudishia spana yangu namba kumi na saba, aliyoiazima Oktoba, na kila nikimpigia anapokea mtoto.