Sikupaa, Nilivutwa na Mwavuli

Kwa kuwa rafiki yangu wa Area D amekwisha kuwasimulia kwamba nilipaa na mwavuli katikati ya baa, naomba niweke kumbukumbu sawa: sikupaa, nilivutwa, na kisigino kimoja kilikuwa chini muda wote.

Mnaonifuata mnajua kwamba joto la Oktoba likipamba moto hapa Dodoma, na mvua tukiitarajia Desemba, mimi ndiye ninayeulizwa baa gani ina pa kukaa nje. Sichagui kwa muziki. Naangalia kivuli kitakuwa wapi saa kumi na moja, maana mwarobaini unaokukinga saa tisa hukuacha uungue jua likielekea magharibi. Tena naangalia jiko la nyama limekaa upande gani wa upepo, kwa sababu upepo wetu hutoka zaidi mashariki na moshi wa mbuzi hauna adabu. Shida ni kwamba ukuta unaokupa kivuli cha jioni hukuweka upande huohuo wa mashariki, uso kwa uso na upepo na vumbi lake. Mimi huchagua kivuli. Hata kesho nitachagua kivuli.

Ndivyo tulivyoketi Jumamosi huko Kisasa, chini ya mwavuli uliosimikwa kwenye tairi lililojazwa zege, tukisubiri mbuzi na ndizi. Kisulisuli kilianzia kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya barabara, chembamba, kimebeba makaratasi, nami nikawatuliza wenzangu kwa sauti ya mzoefu kwamba kisulisuli hakivuki lami. Kikavuka lami. Kikasita getini kama mgeni anayetafuta meza, kikapita kati ya bodaboda mbili, kikamvua mhudumu kofia, kisha kikaingia chini ya mwavuli wetu. Niliisikia nguzo ikikwaruza zege ilipokuwa inachomoka. Mkono wa kulia nikashika nguzo, wa kushoto nikashika chupa, na msinicheke, kwani ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Kiti kikabaki nyuma. Nikaipita meza ya kwanza nikiomba radhi. Nikaipita ya pili nikiwa sina pumzi ya kuomba chochote. Kwenye ya tatu mwavuli ukapinduka, ukanibwaga kifudifudi juu ya daftari lililokuwa wazi.

Nilipofumbua macho yaliyojaa mchanga, mstari uliokuwa mbele ya pua yangu ulikuwa na jina langu. Ahadi: laki moja. Kilicholipwa: kistari. Kilikuwa kikao cha kamati ya harusi ya binamu yangu, na mwenye daftari alikuwa mweka hazina ambaye asubuhi ileile nilimwandikia kwamba niko Kondoa, ndani kabisa, ambako simu haishiki.

"Pole na safari, kaka," alisema, huku akinipangusa vumbi kwa upole ulionimaliza kabisa. "Kumbe kutoka Kondoa siku hizi mnakuja na miavuli?"

Nililipa palepale kwa simu, pamoja na ya kutolea. Mwavuli nao nimeulipia. Mwenyekiti akapendekeza niingie kamati ndogo ya ukumbi, wajumbe wakapitisha kwa makofi, na mbuzi wetu alipotoka jikoni walikuwa wamekwisha kunawa mikono.