Lifti Inayopanda Hadi Kwenye Lava
Kinachoniudhi katika Dark Souls II, mchezo wa video wa mwaka 2014, ni ramani yake. Katika mchezo wa kwanza, uliotoka mwaka 2011, mchezaji aliyehangaika kwa muda mrefu huingia katika lifti ya kanisani, ikamshusha hadi karibu na pale alipoanzia safari, naye akatambua kwamba maeneo yote yameshikamana. Mwendelezo wake unamruhusu kuruka kutoka moto mmoja wa kupumzikia hadi mwingine tangu mwanzo, kwa hiyo njia zenyewe zimepoteza maana. Kibaya zaidi, lifti iliyo juu ya kinu cha upepo inazidi kupanda, kisha inamfikisha kwenye ngome iliyozama katika lava! Wanaousifu kwa wingi wa silaha wana haki, ila mimi nilitaka dunia iliyofumwa kwa makini kama ile ya kwanza, na sikuipata.