Mkunga wa zahanati anahitaji barua kabla ya posho

Ndugu zangu wa Mbeya hudhani muuguzi wa Marekani hana hofu ya sheria. Anayo. Tangu Agosti 2022 Texas imepiga marufuku karibu utoaji mimba wote. Daktari akipatikana na hatia anaweza kufungwa maisha na kupoteza leseni. Kuokoa maisha ya mama kunaruhusiwa, ila mgonjwa azidiwe kiasi gani kwanza? Hapa Houston nimeona daktari wa zamu kasimama koridoni, mgonjwa wake chupa imepasuka mapema mno, akisubiri simu ya mwanasheria. Mwaka 2025 ndipo bunge la jimbo likapitisha sheria ya kufafanua. Kufikia hapo, wenzetu kadhaa walishahamia New Mexico, jimbo jirani ambako utoaji mimba ni halali.

Nyumbani Tanzania, Kanuni ya Adhabu inampa mtoaji mimba hadi miaka 14, mwanamke 7. Kifungu cha 230 kinamkinga anayepasua kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, na kumhudumia ambaye mimba imeshaharibika ni halali kabisa. Wakunga wanafundishwa hilo.

Lakini fikiria zahanati ya Busokelo, huko vijijini Mbeya, usiku. Binti kaletwa kwa bodaboda, kitenge kimelowa damu. Mkunga anajua kazi: dripu, misoprostol (dawa ya kubana mfuko wa uzazi), na kumsafisha kama kifaa kipo. Kinachomtia hofu ni kitabu cha MTUHA, rejesta ya serikali ya kuandika kila mgonjwa. Akiandika ukweli, kesho atakuja mtu kuuliza nani aliitoa, na nyumba ya mtumishi iko palepale, kila mtu anaijua. Mwenzake wa Houston ana mwanasheria, na akichoka anapakia gari. Huyu anaomba uhamisho, anakataliwa, mwishowe anajifunza kuandika rufaa tu: mpelekeni Meta, hospitali ya wazazi ya Mbeya mjini. Kwa barabara ile, masika! Wengine hawafiki.

Tunaongea sana habari ya posho ya mazingira magumu. Wapewe, ni haki yao. Ila mtu haachi kuhama kwa sababu ya posho wakati analala akiwazia polisi. Mganga Mkuu wa Wilaya aandike barua yenye sahihi na muhuri, ibandikwe ukutani: kumhudumia aliyeharibikiwa mimba ni halali, mwenye swali aanzie ofisini kwangu. Zamu ya usiku iwe na wakunga wawili, mmoja amshuhudie mwenzake. Na daktari wa Meta apokee simu zao saa yoyote. Barua hiyo haihitaji bajeti wala Bunge, inaweza kuandikwa wiki hii.